Kuburuta Gogo

Jua limezama saa kumi kasorobo
bila kuaga. Limeteleza tu nyuma ya misonobari
kama mgeni aliyechoshwa na maongezi.
Usiku wa leo ni mrefu
kuliko nyuzi zote nilizosokota mwaka huu.

Skaidrīte wa nyumba ya pili amekuja na kamba,
ile ile anayofungia fahali.
Imants amekuja na watoto wawili, pua zimewaiva kwa baridi.
Mimi nimetoa gogo.

Ni la mwaloni. Zigurds aliliangusha mwezi wa tatu,
akaliegemeza ubavuni mwa banda likauke,
akalipiga kofi kama ng'ombe: "Wewe ni wa Desemba."
Mwezi wa nane tukamzika yeye.
Gogo likabaki pale linamngoja,
na mimi nalipita kila asubuhi na ndoo ya maziwa,
hatusalimiani.

Desturi ni hii, na kengele ya kanisa imeikuta:
unalifunga gogo, unalizungusha nyumba mara tatu,
kila uchungu wa mwaka unaupakia juu yake kimyakimya,
kisha unalitia moto.
Jua, ambalo kwetu ni mama mwenye farasi,
litaona mwanga, likumbuke njia ya kurudi.
Mchungaji anajua. Hujifanya haoni,
na kesho yake hupita kuuliza kama soseji zimebaki.

Tukavuta.
Theluji ilikuwa ya magoti na bado inashuka,
nyepesi, nyeupe, kama usufi uliopasukiwa na mto.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Labda. Lakini hawakuishika kamba hii.
Skaidrīte alipakia mwanawe aliye Ailandi, asiyepiga simu;
Imants, deni la trekta;
na nilihisi kila kimoja begani,
kama wao walivyohisi changu, maana kwenye kona ya kisima
sote watatu tulisimama pamoja,
na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya pumzi.

Mzunguko wa tatu wakatokea wenye vinyago.
Dubu, koti lililogeuzwa manyoya nje.
Korongo, mdomo wake mpini wa shoka.
Na Kifo: shuka jeupe, uso wa unga, mundu mkononi.
Kilikuwa Ģirts wa kiwanda cha mbao,
nilivijua viatu, kimoja kina kamba nyekundu.
Kifo hucheza na kila mwanamke wa nyumba, ndiyo sheria.
Akanifikia, akasita.
Mundu ukashuka. Unga ukamdondoka kidevuni.

Nikamwambia: cheza.
Mwezi wa nane ulikuja bila kubisha hodi.
Leo angalau umevaa.

Tukacheza. Alinikanyaga mara mbili, akaomba radhi.
Sijawahi kusikia Kifo kikiomba radhi.
Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye theluji,
na mimi, sijui nilikuwa nafanya nini, nilikuwa na sauti.

Mwaloni hauna haraka ya kuwaka.
Ulitoa moshi kwanza, ukatutia machozi
ambayo hakuna aliyelazimika kuyaeleza,
kisha ukashika, kutoka moyoni kwenda nje.

Ndani kulikuwa na njegere za kijivu na mafuta ya nguruwe.
Unakula zote. Kila njegere inayobaki bakulini
ni chozi la mwaka ujao, kwa hiyo watoto hulamba hadi udongo,
na Skaidrīte hukagua mabakuli kama afisa wa forodha.

Langu alilikuta safi.
Hakukagua mfuko wa aproni.

Moja tu. Nimeibakiza kwa makusudi.
Mchana utarefuka kesho kwa hatua moja ya jogoo,
keshokutwa nyingine, na sina ugomvi na hilo,
nalitaka jua, nina ng'ombe na nina madirisha.
Lakini mwezi wa nane utafika tena,
na sitaki unikute
sina hata tone la kumpa.